Tangi la samaki, chupa ya soda na swali la "mbona sasa" (Sehemu ya 9)

Najua niliahidi kuendelea na homa za usiku, ila homa itasubiri, maana inbox yangu imejaa swali moja: "Nesi, ile picha ya tangi la samaki na ndoo sita sebuleni, kulikuwa na nini?" Basi leo naeleza. Anayedhani samaki hawamhusu asikimbie, ndani humu mna watoto, mna chupa, na mna kitu tunachokifanya wodini kila siku.

Kwanza mjue tulichonacho. Ni tangi la kioo, lita 120, liko sebuleni hapa Kamanga. Ndani yake mna furu tisa. Wageni wa Mwanza wanamjua sangara na sato, furu wanamwita "dagaa wa watoto", lakini huyu ndiye mwenyeji hasa wa ziwa letu. Walikuwa mamia ya aina. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikawa hazionekani tena. Baadhi yao leo wanaishi kwenye matangi tu huko Ulaya na Marekani, yaani samaki wa Mwanza anazaliwa London. Hilo likimwingia baba watoto kichwani halali. Ndiyo asili ya tangi.

Mimi kilichonivuta kwa furu ni kingine. Jike wa furu akishataga anachukua mayai yake yote mdomoni. Anakaa nayo humo wiki mbili hadi tatu, mpaka vifaranga waweze kuogelea, na muda wote huo hali au anakula kidogo mno. Ukimtazama utaona kidevu kimevimba na mdomo unatafuna tafuna, anayageuza mayai yapate hewa. Mama anayenyonyesha usiku wa manane akimwangalia huyo samaki wanaelewana.

Sasa tatizo. Kila Jumamosi kijana wangu wa miaka tisa anapima maji na kuandika kwenye daftari. Anapima kile kinachoitwa ualkali, kwenye kichupa kimeandikwa KH. Unaweka maji kidogo kwenye kibomba, unadondosha dawa tone moja moja ukihesabu, rangi ikigeuka kutoka bluu kwenda njano unaacha. Matone manne ni digrii nne. Miezi na miezi daftari lilisema 4, 4, 3, 4. Halafu Jumamosi moja likasema 5. Iliyofuata 6. Iliyofuata 7. Na hakuna aliyeweka kitu.

Ualkali ni nini? Msiogope neno. Kwenye damu yako mna kitu kinaitwa baikabonati, na kazi yake ni kumeza asidi ili damu isichachuke. Mtu mzima mwenye afya anayo kama milimoli 22 hadi 26 kwa lita. Mtoto akiharisha sana anaipoteza, ndiyo maana unamwona anapumua kwa kina na kwa haraka hata kifua chake kikiwa kizima, mwili unajaribu kutoa asidi kwa njia ya pumzi. (Ukiona hivyo usisubiri asubuhi, njoo.) Basi kwenye maji ya samaki ni kitu hicho hicho, ila kidogo zaidi. Maji ya bahari yanayo kama sehemu ya kumi ya damu yako. Ya ziwa letu ni chini zaidi ya hapo, ni maji laini, sabuni inatoa povu vizuri. Ualkali ukipanda, maji yanaelekea upande wa magadi.

Mtaniuliza, furu si anavumilia? Anavumilia sana. Angekuwa ameingia tu kwenye maji ya digrii 7 na kukaa, nisingeandika hata mstari. Kilichonisumbua ni kupanda bila sababu. Wodini namba ikibadilika na hujui kwa nini, hapo ndo unasogeza kiti karibu na kitanda.

Nikaanza kama tunavyoanza kazini. Kabla hujamwita daktari kwamba presha iko juu, pima tena, kwa mashine nyingine ikiwezekana. Dawa ya kupimia inaweza kuwa imeharibika kwa joto. Tulikuwa na maji ya mvua kwenye ndoo safi, na maji ya mvua hayana ualkali wa maana, kwa hiyo yanatakiwa yageuke kwa tone la kwanza. Yakageuka. Tukachukua lita 10 za maji hayo ya mvua tukayeyusha gramu 3 za baking soda (niliazima mizani ya jirani anayeoka keki), ambayo kwa hesabu ni digrii 10. Dawa ikasoma 10. Basi kipimo kizima, mgonjwa kweli anaumwa.

Hatua ya pili, nini kinaingia. Kijana aliorodhesha: chakula, mawe, makombe mawili ya baharini ambayo bibi yake alimletea kutoka Bagamoyo, na maji ya kujazia. Mawe tuliyadondoshea siki. Haya mawe yetu ya Mwanza, miamba hii tunayokaa juu yake, hayakufanya kitu. Makombe yakatoa mapovu pale pale, maana kombe ni chokaa, na chokaa ikikutana na asidi ndivyo inavyofanya. Watu wote sebuleni wakashangilia, mwizi kapatikana! Mimi nikasema tulieni. Yale makombe yamo humo mwaka mzima. Tuliyatoa, tukayaweka kwenye ndoo ya maji ya mvua wiki nzima, na ndoo ikapanda digrii moja tu, ndoo ndogo ya lita 5. Kwenye lita 120 hiyo ni kama kumwaga kijiko cha chumvi ziwani. (Wenye vibwawa vya saruji vya sato, hesabu yenu ni nyingine kabisa. Saruji mpya inatoa chokaa nyingi, jazeni maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kuweka kifaranga hata mmoja.)

Yakabaki maji ya kujazia. Nyumba yetu ina joto, tangi liko wazi juu, kila wiki karibu lita 10 zinapotea hewani, na tunajazia kwa maji ya kisima. Tukapima kisima: digrii 11. Kijana akaandika hesabu kwenye daftari mwenyewe: lita 10 mara 11, gawanya kwa 120, inapata karibu 1. Digrii moja kwa wiki! Ndiyo hiyo hiyo inayopanda.

Hapa naomba niwasimamishe kidogo kwa sababu ya ORS, nisipolisema hili sitalala. Maji yanapokauka, yanaondoka maji peke yake, chumvi haipandi na mvuke, inabaki chini na kuwa kali zaidi. Nimekutana na mama aliyechanganya pakiti ya ORS vizuri kabisa kwenye lita moja, halafu akaichemsha tena "kuua wadudu". Ukichemsha maji baada ya kuchanganya, mtoto anapewa chumvi nyingi kuliko ilivyopangwa. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe, pima lita moja, ndipo uchanganye. Ikipita saa 24 mwaga, changanya mpya. Haya turudi.

Kwa hiyo baba watoto akaona kazi imekwisha: kisima ndicho kibaya, tujazie maji ya mvua. Kweli tulianza kujazia maji ya mvua. Lakini kuna swali lilikuwa linaniwasha, nalo ndilo swali ninalowafundisha wanafunzi wanaokuja wodini kwetu: mbona sasa? Kisima tunakitumia tangu tangi linaanza. Kama kisima kinaongeza digrii moja kila wiki, mbona daftari lilikaa kwenye 4 mwaka mzima? Kitu kilichokuwepo siku zote hakiwezi peke yake kueleza kitu kilichoanza mwezi huu. Mgonjwa mwenye pumu ya miaka ishirini akija leo kabanwa, huandiki tu "ana pumu" ukaenda zako. Unauliza jana kulitokea nini.

Jibu lilitoka mbali. Nina binamu yuko Muskati, tajiri wake ana tangi la matumbawe, yaani kipande cha bahari sebuleni, na yeye ndiye analitunza. Nikamtumia sauti ya WhatsApp nikimweleza. Akanijibu akicheka, "Dada, sisi hilo ndilo linalotunyima usingizi." Akaeleza kwamba matumbawe ni viumbe hai, wanajenga mifupa yao kwa kuchukua ualkali na kalsiamu kutoka kwenye maji. Wanakunywa kila siku. Kwa hiyo yeye kila siku anaongeza kiasi kile kile walichokunywa, na namba inakaa pale pale. Siku ikianza kupanda na dozi haijabadilika, haendi kukagua dozi, anakwenda kuangalia matumbawe. Wameacha kujenga. Wanaumwa, au taa imechoka, au maji yamepata joto. "Usiulize tu nini kimeongezwa," akaniambia, "uliza nani kaacha kula."

Jamani, nikasimama pale jikoni na sufuria mkononi. Si ndiyo maziwa ya mama! Anakuja mzazi wa siku ya tano, matiti yamejaa, yanauma, yamekuwa magumu kama jiwe. Anaambiwa na majirani kwamba maziwa ni mengi mno, apunguze uji. Unamtazama mtoto: hanyonyi vizuri, amekamata chuchu tu, au analala lala kwa manjano. Maziwa hayajaongezeka, mnywaji ndiye amepungua. Ukishughulika na titi ukamwacha mtoto, umekosa mgonjwa.

Sasa kwenye tangi la maji baridi hakuna matumbawe. Ni nani anayekula ualkali? Ni bakteria. Samaki wanatoa amonia kwenye taka zao, na amonia ni sumu kwao wenyewe. Kwenye sponji ya chujio wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa kitu chenye madhara kidogo, na katika kazi hiyo wanatumia ualkali, kama miligramu 7 kwa kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia. Mwaka mzima kisima kilikuwa kinaongeza na bakteria wanapunguza. Ndiyo maana daftari lilikaa kwenye 4. Kama namba inapanda, bakteria wameacha kazi. Na kama wameacha kazi, amonia iko wapi?

Tukapima amonia. Miligramu 2 kwa lita, mahali ambapo siku zote ilikuwa sifuri.

Hapo ndipo kupanda kwa ualkali kulipokuwa hatari yenyewe, si dalili tu. Amonia ina sura mbili, moja kali na moja pole, na kinachoamua ni pH. Maji yakiwa na pH 7, kwa joto la kwetu, sehemu kali haifiki hata 1 katika 100. Ikifika 8, ni kama 5 katika 100. Ikifika 9, inapita 30. Yetu ilikuwa 8.2. Furu wawili walikuwa wanapumulia juu ya maji, mapezi yamebana. Na mmoja wa majike alikuwa na mayai mdomoni.

Nikauliza nyumba nzima kwa upole: chujio limeguswa lini? Kimya. Halafu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu aliyekuwa anakaa kwetu akisubiri chuo, akasema kwa heshima zote, "Shemeji, mimi niliosha ile sponji. Ilikuwa chafu sana. Niliiloweka kwenye Jik usiku mzima, ikawa nyeupe kabisa." Ilikuwa wiki nne nyuma. Sikumlaumu hata kidogo, kijana alisaidia kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Lakini Jik ni klorini, na klorini hata ikizimuliwa hadi asilimia 0.5 ndiyo tunayotumia kazini kuua vijidudu kwenye vifaa kwa dakika kumi. Usiku mzima hakubaki mtu. Bakteria hawa wanakua polepole, wanahitaji wiki nyingi kurudi, na mwezi huo umeme nao ulikuwa unakatika kila mara, chujio linasimama.

Kabla sijasema tulichofanya, kuna jambo lilitokea katikati na ndilo lililonifanya niandike yote haya kwenu badala ya kuyaacha kwenye daftari la mtoto.

Tulipokuwa bado hatujui sababu, baba watoto aliuliza kwa watu. Mmoja akamwambia ni rahisi, maji ya alkali unayakata kwa asidi, weka maji ya betri kidogo kidogo. Nikarudi kutoka zamu ya usiku, nimevuka na kivuko cha saa moja, macho mekundu, naingia sebuleni naona juu ya meza ndogo chupa ya soda, nusu imejaa kitu cheupe kama maji. Binti yangu wa miaka miwili na nusu amekaa chini ya meza hiyo anavaa viatu vya baba yake.

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Kwenye chupa ya soda. Sikupiga kelele, nilibeba ile chupa kama unavyobeba mtoto mchanga, nikaitoa nje, nikarudi nikakaa.

Mama zangu, nimepokea watoto wa namna hiyo. Wa asidi, wa magadi ya kusafishia mabomba, wa mafuta ya taa, wa chokaa ya kupakia ukuta iliyoingia machoni. Karibu wote kitu kilikuwa kwenye chupa ya maji au ya soda, na mtoto hakufanya kosa lolote, alikunywa kutoka kwenye chupa ya kunywea. Likitokea kwako: usimtapishe, maana kinachounguza kikishuka kinaunguza tena kikipanda. Usimpe ndimu wala magadi eti ikate. Msuuze mdomo kwa maji, mtoe nguo iliyolowa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe uibebe tuione. Ikiwa ni jicho, usikimbie kwanza. Mwagia maji safi yanayotiririka, kope zimefunguliwa, dakika 15 hadi 30, ndipo mwende. Chokaa ni mbaya kwa jicho kuliko watu wanavyodhani.

Na hata tukiacha watoto, ile asidi isingetibu kitu. Ingekula ualkali, namba ingeshuka, daftari lingependeza, Jumamosi sote tungefurahi. Bakteria wangekuwa bado wamekufa, na maji yasingebaki na kitu cha kuzuia pH isiporomoke siku yoyote. Mtoto mwenye malaria ukimpa parasetamo tu, joto nalo linashuka vizuri kabisa.

Tulichofanya ni hiki. Chakula tulikipunguza mpaka siku moja ndiyo siku moja hapana, maana amonia inatoka kwenye chakula. Kila siku tulibadilisha robo ya maji kwa maji ya bomba yanayotoka ziwani, yakiwa yamelala ndoo wazi siku nzima na pampu ya hewa ndani ili klorini iondoke. Ndizo zile ndoo sita kwenye picha. Halafu mume wangu akavuka kwenda kwa rafiki yake mjini mwenye tangi la siku nyingi, akarudi na kipande cha sponji chafu, cheusi, kinanuka matope, kwenye mfuko wa maji yake. Tukakikamulia ndani ya chujio letu. Mama mkwe alikuwepo, akauliza kama kweli manesi ndivyo tunavyofundishwa usafi.

Furu wawili walikufa wiki ya kwanza. Kijana alilia, nikamwacha alie. Yule jike hatukumhamisha, kwa sababu furu akishtuliwa anaweza kumeza mayai au kuyatema yote, tulifunika tu upande mmoja wa kioo kwa khanga apate giza.

Siku ya tisa amonia ilisoma 0.5. Siku ya kumi na sita, sifuri. Ualkali wenyewe tulikuwa tunauangalia kwa jicho lingine sasa. Ile siku tulipoacha kubadilisha maji, tukarudia kwa makusudi kujazia maji ya kisima wiki mbili, na daftari likakaa kwenye 5 bila kupanda, ndipo nikajua walaji wamerudi. Sasa tunajazia mvua tukiwa nayo, kisima isipokuwepo.

Jike alitema vifaranga Alhamisi jioni, umeme ukiwa umekatika, tuliwaona kwa tochi ya simu. Kijana alihesabu kumi na saba, binti akahesabu "wengi". Ile chupa ilirudishwa kwa fundi betri siku ile ile.

Kwa mnaouliza sponji ioshwe vipi: chota maji ya tangi lenyewe kwenye beseni, kamua mara mbili tatu, irudishe. Ibaki na rangi ya chai. Homa za usiku, Jumapili.